Mke Wangu Amepunguza Mizigo, na Mzigo wa Kwanza Ni Mimi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba upesi, kwa sababu Jumamosi mke wangu anasafiri na kuna kitu cha kazi yake kimepotea, na aliyekipoteza ni mimi, ila sikukipoteza hasa, nimekificha, na huko nilikokificha kumetokea jambo jingine ambalo nitakueleza nikifika, maana nikianza nalo utanichukia kabla hujanijua.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nina chumba changu cha kazi kinachotazama barabara, cherehani mbili, meza ya kukatia, na wateja waliokuwa wakinisifu kwa mikunjo inayoanguka sawasawa. Mke wangu anauza vyombo vya kupikia, vile vya chuma kizito kisichoshika kutu, na haviuzi dukani, anakwenda majumbani mwa watu, mwenye nyumba anaalika rafiki na majirani, yeye anawapikia mbele ya macho yao, wanaonja, na wa kuagiza wanaagiza. Wateja wamempa jina la Mama Kikaango na analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alipoanza kazi hiyo aliniomba nimsaidie kubeba vyombo, mara moja tu, na hiyo mara moja mimi nikaifurahia kupita kiasi, kwa sababu, mshauri, mtu ukishakaa miaka unazungumza na vitambaa, halafu ukaingia sebuleni kwa watu ukawakuta wamekaa kimya wanakungoja wewe ufungue begi, ni raha nyingine kabisa. Nikasema nitamsindikiza na mara ya pili, ikaja ya tatu, nikaanza kufunga chumba cha mapazia siku za maonyesho, halafu nikawa nakifunga na siku zisizo za maonyesho ili nipumzishe mgongo, na nikajipa cheo, Meneja wa Shughuli, nikachapisha na kadi.

Na sikuwa nabeba tu, niliboresha. Mke wangu alianza na begi moja, nikamwambia mteja haamini begi moja, mteja anataka aone kampuni imeingia. Tukawa tunabeba seti nzima ya sufuria na mifuniko yake, jiko letu la gesi na mtungi wake, meza ya kukunja, kitambaa cha meza nilichokishona mwenyewe chenye pindo la rangi ya dhahabu, bango la kusimamisha, sahani za kuonjea, vichupa vya viungo, ndoo ya maji kwa sababu huwezi kujua maji ya watu yakoje, aproni zetu, aproni za akiba, na spika yangu ndogo na maikrofoni. Ndiyo, maikrofoni. Najua unacheka, lakini sebule nyingine zina mwangwi mbaya.

Sasa tukaalikwa kwa nesi mmoja anayekaa ghorofa ya nne, na jengo lile halina lifti. Tulipanda na kushuka, tukapanda na kushuka, mpaka jirani wa ghorofa ya pili akafungua mlango akasema, "Karibuni sana, mnahamia chumba kipi?" na wa ghorofa ya tatu akatusaidia kubeba meza akiamini hivyo hivyo. Tulipokwisha kupandisha kila kitu, meza imekunjuliwa, bango limesimama, kitambaa kimenyooshwa, nikagundua mpira wa gesi nimeusahau nyumbani. Ili wageni wasichoke nikashika maikrofoni nikaanza kuwaeleza habari za chuma tangu kinachimbwa ardhini, na nilipofika kwenye tanuru nikaona mama mmoja kalala mdomo wazi na wengine wawili wanavaa viatu. Nesi akamwambia mke wangu kwa upole, "Dada, si kuna jiko langu pale jikoni? Pika hapo hapo." Mke wangu akachukua kikaango kimoja tu akaingia jikoni, waliokuwa wanavaa viatu wakamfuata huko huko, na wengine wakafuata, na aliyebaki kunisikiliza ni yule aliyelala.

Tuliporudi nyumbani hakugomba. Afadhali angegomba. Alimwaga kila kitu sakafuni akaanza kutenga mafungu mawili, akasema hili ni la vinavyouza, na hili ni la vinavyobebwa.

"Meza je?" nikamuuliza.

"Kila nyumba ina meza."

"Jiko?"

"Mtu akiona chakula kinaiva kwenye jiko lake, ndipo anaamini kitaiva na kesho nikiwa sipo."

"Na hizi sufuria kubwa? Tuziache?"

"Zipo kwenye katalogi, na picha zake. Wakikipenda kikaango wataniuliza wenyewe kama kuna kikubwa zaidi. Mtu akishauliza mwenyewe, baba, mimi nina kazi gani tena?"

Fungu la vinavyouza likabaki na kikaango na mfuniko wake, sufuria moja ya wastani, kisu, mwiko, kitambaa cha kufutia na katalogi, vyote vikaingia kwenye begi la mgongoni kama la mwanafunzi. Aproni alisema ataivaa kabisa kutoka nyumbani. Vitunguu na mayai atamwomba mwenyeji aviweke tayari, kwani mwenyeji gani hana yai?

Onyesho lililofuata nilivaa koti nikasimama mlangoni. Akaniambia, "Wewe baki." Nikamuuliza nibaki nifanye nini. Akasema, "Ushone."

Mshauri, nilijiona nimewekwa kwenye lile fungu jingine, pamoja na ndoo ya maji.

Na kilichonichoma zaidi, akaanza kuuza. Anatoka na begi lake moja anaimba, anarudi mapema bado anaimba, na maagizo kibao. Nikamweleza mama yangu, anayekaa mtaa wa nyuma yetu, nikitegemea kufarijiwa. Mama akaweka kijiko chini akasema, "Mwanamke anayebeba seti nzima, huyo anakwenda kuuza. Anayebeba kikaango kimoja, huyo anakwenda kumpikia mtu." Maneno hayo yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku aliyokuwa na onyesho kwa mwalimu mkuu mmoja mstaafu, nilimfuata. Sikwenda mikono mitupu, ningeonekana mpelelezi, nikabeba sufuria kubwa kuliko zote pamoja na spika, ili nikiulizwa niseme amevisahau. Nikapanda ngazi, nikagonga, nikafunguliwa, nikakuta akina mama wamejaa jikoni wamemzunguka mke wangu, na mwanamume pekee mle ndani alikuwa mume wa mwalimu, mzee wa watu, anamenya vitunguu. Hapo ningemshukuru Mungu nikarudi zangu. Badala yake nikasema, "Samahani kwa kuchelewa, mimi ndiye Meneja wa Shughuli," nikatua sufuria mezani, kidogo juu ya vidole vya mama mmoja, nikamwambia mke wangu apumzike, lile la yai nitalifanya mimi.

Yai ndiyo roho ya onyesho. Kikaango kinapashwa moto taratibu, yai linavunjwa bila mafuta, likiiva linateleza lenyewe, watu wanapiga makofi. Nilikuwa nimeliona mara nyingi nikiwa na maikrofoni mkononi, lakini kuona si kutenda. Nikafungulia moto wote. Yai likashika. Nikalikwangua likakatika vipande, moshi ukapanda, mzee akaanza kukohoa, nami nikasema tatizo ni jiko la humu ndani.

Mwalimu akavua miwani. "Jiko langu?" akasema. "Jiko hili limelisha walimu wa shule nzima. Leo ndiyo limekutana na mwanafunzi." Kisha akamgeukia mke wangu. "Mama Kikaango, huyu bwana ni nani wako?"

Mke wangu akanitazama, akaitazama spika, akasema, "Alikuwa mbebaji wangu."

Jikoni kote walicheka, mpaka mzee wa vitunguu. Yeye mke wangu hakucheka. Akanisogeza kwa bega, akakiosha kikaango, akakirudisha motoni, akawaonyesha kwamba hata kikiungua kinatakata, na nikawasikia watu wakiagiza nikiwa nashuka ngazi na sufuria yangu, na mfuniko ukanichoropoka ukaviringika mbele yangu mpaka chini, ukipiga kelele kila ngazi.

Tangu siku hiyo analala chumba cha binti yetu aliyeko chuoni. Ananisalimu, ananipakulia, basi. Na sasa kampuni yao imemteua akawafundishe wauzaji wapya katika miji mingine, mwezi mzima, na somo lenyewe ni namna ya kwenda kwenye nyumba ya watu na begi jepesi. Mimi kwa hasira nikakichukua kile kikaango chake cha maonyesho, anachokitegemea kuliko vyote, nikakipeleka kwa mama kikakae huko mpaka aniombe radhi kwa neno mbebaji. Juzi nilipokwenda kukitazama nilimkuta mama anakisugua kwa waya. Anasema kilikuwa cheusi kwa chini. Kina mikwaruzo nje na ndani kama kimepigana na paka.

Mke wangu anakitafuta, amepekua kabati zote, na mimi namsaidia kutafuta. Nifanyeje, mshauri? Nimzuie safari mpaka tuelewane, ninunue kingine kimya kimya, au ningoje kwanza aombe radhi? Mama anashauri niseme kimeibwa. Nimekuwekea namba ya simu hapa chini ukihitaji maelezo zaidi.

Ni mimi mwenye majonzi,
Fundi Pazia

*

Fundi Pazia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikimtafuta mtu aliyekukosea. Nimempata mmoja, ni mama yako, na hata huyo ulimfuata mwenyewe.

Lakini pole. Nasema pole ya kweli. "Alikuwa mbebaji wangu" ni neno linalokata, tena mbele za watu, tena jikoni kwa mtu. Mkeo angesema "mume wangu" na yai lisingeungua zaidi ya lilivyoungua. Una haki ya kuumia, na iko siku mtalizungumza. Ila huwezi kudai heshima huku umekalia kikaango cha wizi.

Unasema uliboresha kazi ya mkeo. Baba, ulichokuwa unaboresha ni hadhira yako. Mwanamke wa watu anauza vikaango, wewe unauza sauti yako. Umewahi kujiuliza mwenyeji anajisikiaje? Ameshafagia, ameazima viti, amewaambia majirani waje, ana wasiwasi kidogo kama nyumba yake itaonekana inafaa. Halafu unaingia na meza yako, jiko lako na maji yako. Maji, fundi! Umemwambia nini kama si kwamba bomba lake ni chafu? Mkeo alilielewa hilo siku aliyoingia jikoni kwa nesi mikono mitupu isipokuwa kikaango kimoja. Kubeba kidogo ni kumwambia mwenyeji, jiko lako linatosha, chumvi yako inatosha, nami nimekuja kukuongezea kitu kimoja tu. Wewe ulikuwa ukimwambia anahamiwa.

Na ukaenda kwa mwalimu kumtafuta mwanamume. Ukamkuta, ni mzee anatokwa machozi ya vitunguu. Mtu mwenye akili timamu angemsaidia kumenya. Wewe ukaona wa kuaibishwa bado ni mkeo, ukalichoma na yai lake, na ulipoulizwa ukalisingizia jiko la mwenye nyumba. Ningekuwa mimi mle jikoni, ungeshuka zile ngazi pamoja na ule mfuniko.

Kuhusu mama yako. Ni mzazi, mheshimu, msalimu, mpelekee sukari. Ndoa yako usimpelekee. Umeona mwenyewe alichokifanyia kikaango, tena akidhani anakisafisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukulitegemea. Kwa kuwa umesema safari ni Jumamosi, nilipiga ile namba uliyoniwekea. Hukupokea wewe, alipokea mkeo. Sikujitambulisha, siri ya barua naitunza. Nikasema natafuta fundi wa mapazia.

"Fundi yupo," akaniambia, "ila siku hizi hashoni. Amefiwa."

Nikashtuka. "Amefiwa na nani, dada?"

"Na kikaango," akasema, na nikamsikia anavuta kiti akae vizuri, maana inaonekana alikuwa hajapata mtu wa kumwambia. "Kakificha kwa mama yake. Nilikwenda kumsalimu mama mkwe, nikakikuta jikoni kimekwaruzwa kote, akanikaangia yai humo humo, nikala, nikashukuru, nikaondoka. Nikarudi nyumbani nikamkuta bwana kapiga magoti ananisaidia kukitafuta chini ya kitanda. Nikamshikia tochi."

"Mbona hukumwambia kwamba umekiona?"

Akasema, na hapa sauti yake haikuwa na mzaha tena, "Kikaango kingine nitapewa na kampuni, hicho si neno. Nangoja nione kama atasema mwenyewe. Asiposema mpaka Jumamosi, nitajua naondoka kwa mtu wa namna gani, na kama kuna haja ya kuharakisha kurudi." Halafu akaniuliza upana wa madirisha yangu.

Kwa hiyo, Fundi Pazia, mambo ya kununua kingine kimya kimya yaondoe kichwani. Hakuna kimya hapo. Mlio gizani ni wewe na mama yako tu.

Ukakichukue kikaango leo. Usikipige msasa, usikipake kitu, usimtume mtu. Mpe mkononi kikiwa na mikwaruzo yake yote, useme, "Nilikichukua mimi, nikakificha kwa mama, kimeharibika, samahani." Ukishasema samahani funga mdomo. Usiweke "lakini" baada yake, na lile neno mbebaji usilitaje siku hiyo, hata akikupa nafasi. Wala usimshonee begi la safari, najua wazo limeshakujia na pindo la dhahabu umeshalichagua. Zawadi inayotangulia ukweli ni hongo. Safari usimzuie, unamzuia kwa lipi, kwa kadi ya umeneja? Siku ya kuondoka akikuomba umbebee, beba. Asipoomba, mfungulie mlango na usimame pembeni apite.

Akishaondoka, funua cherehani zako. Wateja wako bila shaka wameanza kununua mapazia yaliyoshonwa tayari, mafupi, yanayoning'inia kama suruali ya mtu aliyerefuka. Wafuate, waombe radhi, ushone. Ile spika iuze, au mpe mtu anayeuza samaki wa kutembeza, huyo ana haja nayo. Mkeo akirudi akakukuta una kazi mkononi na uzi mdomoni, hapo ndipo umwambie, kwa sauti ya kawaida, "Siku ile jikoni kwa mwalimu uliniumiza." Atakusikia. Mtu asiye na lake la kufanya akilalamika huonekana anadeka, lakini mtu mwenye shughuli zake akisema ameumia, watu huacha walichoshika.

Nawe Mama Kikaango, kama macho yako yamefika hapa: mume aliyeunguza yai bado ni mume. Ungelisema hilo kwanza, ukacheka baadaye.

Fundi, gazeti hili linafika mitaani Ijumaa asubuhi, na mtaani kwako wapo wanaolisoma kwa sauti. Kama umefika mstari huu na bado hujamwambia, usimalize chai.

Mshauri wako